Kichwa cha Habari ya Matangi

Bweni la Wasichana
3 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Mama ameniandikia kwamba mguu wako umepona na umerudi kazini kwenye mtambo wa kuchapa. Nimefurahi, na si kwa ajili ya mguu tu, utaona.

Nimechaguliwa mhariri wa gazeti la shule. Usinipongeze kwanza. Tulikuwa wagombea wawili, mwenzangu akajitoa alipoambiwa kuna kazi ya Jumamosi. Gazeti lina kurasa nne na huchapwa nakala mia nne. Muhula uliopita nilihesabu zilizobaki siku ya tatu: mia moja na sitini zilikuwa bado kwenye meza ya maktaba, na nyingi kati ya zilizochukuliwa zimefunika madaftari.

Msaidizi wangu, tunayemwita Kamusi kwa sababu hakubali kushindwa neno, anasema ugonjwa uko kwenye vichwa vya habari. Wazazi wametununulia matangi ya maji, na mwandishi wetu wa kidato cha pili ameniletea habari hiyo na kichwa hiki: "Sherehe ya kukabidhiwa matangi mawili mapya ya maji ya bweni la wasichana yafana sana". Kamusi alisema alipofika kwenye wasichana alikuwa ameshasahau kwamba tulianza na sherehe.

Wewe uliandika vichwa vya gazeti la kila siku kwa miaka ishirini na miwili kabla ya kuhamia hapo ulipo, na shule imekubali gazeti letu lichapwe kwenu. Nifundishe.

Mpwa wako,
Mhariri


Kiwandani
7 Septemba

Mpwa wangu Mhariri,

Marahaba. Mguu umepona, ila ngazi za hapa hunikumbusha kila asubuhi.

Kichwa kile nimekihesabu. Kina alama themanini na tano, pamoja na nafasi tupu kati ya maneno. Mstari mmoja wa herufi kubwa kwenye ukurasa wenu unabeba thelathini. Mwandishi wako ameandika karibu vichwa vitatu na bado hajasema kitu.

Fanya hivi. Soma habari yote, kisha igeuze kifudifudi. Mfikirie mtu anayepita mlangoni, ana haraka, na unataka ajue. Yale maneno machache utakayomtupia ndiyo kichwa: nani kafanya nini. Mpe jambo lenyewe, sherehe ya jambo mwachie aliyealikwa. Usiweke juu kitu ambacho habari ya chini haikibebi, maana msomaji akishuka asikikute, hatakurudia. Na kichwa kikubwa kiwe kimoja tu kwa kila ukurasa. Ukivikuza vyote hujakuza hata kimoja. Acha weupe kukizunguka, kipumue. Kupigia maneno mistari chini na alama za mshangao tatu tatu waachie wauza viatu.

Utanichorea ramani ya kila ukurasa kwa rula, visanduku vya habari na vya picha. Kichwa ambacho hakijapatikana, jaza maneno yoyote ya urefu ule ule kwa penseli, ili nijue ukubwa. Kichwa cha penseli ni cha muda, cha wino ni cha kweli. Na cha muda kiwe upuuzi mtupu, "kichwa kichwa kichwa" inatosha. Usiweke mzaha. Nimewahi kuona mzaha ukitoka gazetini, na aliyeuandika sikumwona tena kazini.

Mjomba wako,
Wino


Bweni la Wasichana
10 Septemba

Mjomba,

Ramani za kurasa nne zimo humu pamoja na habari zote. Nimepima mara mbili. Mbio za shule ziko ukurasa wa kwanza, matangi ukurasa wa tatu.

Samahani kwa mwandiko wa ukurasa wa tatu. Niliumaliza nikiwa na povu la sabuni masikioni. Bomba la bweni linafungwa kila siku saa nane mchana hadi saa kumi na moja, tangu wiki iliyopita, na anayefunga ni matroni mwenyewe, funguo kiunoni kama askari. Leo limefungwa nikiwa nusu nimeoga. Nilimwuliza kama leo litafunguliwa mapema, akasema likifunguliwa nitasikia. Kamusi aliniambia nikaushwe na jua kama shuka.

Naomba usiwe mkali kwenye vichwa. Viwili nimevirudia mara saba.

Mpwa wako,
Mhariri


Bweni la Wasichana
12 Septemba

Mjomba,

Naandika haraka kabla ya kengele. Kichwa cha ukurasa wa tatu ni hiki: "Matangi mapya yafika bwenini". Alama ishirini na nane. Kilichoko kwenye ramani ni cha muda, kifute.

Tena, habari ile ile, aya ya pili: mwandishi ameandika kila tangi ni la lita elfu tatu. Badilisha ziwe elfu tano. Nimesoma mwenyewe ubavuni mwa tangi.

Mhariri


Kiwandani
19 Septemba

Mpwa wangu,

Nakala mia nne zimo kwenye mafurushi mawili. Yafungue kwa kisu upande wa kamba, usikate karatasi.

Sasa nikupongeze, kwa kuwa mara ya kwanza ulinikataza. Nimefungua ramani ya ukurasa wa tatu nikakaa chini. "Matroni afungia wasichana maji". Nani, kafanya nini, kamfanyia nani. Alama thelathini kamili, hakikubaki hata kitundu cha sindano. Watu niliofanya nao kazi miaka kumi hawakuwahi kuniletea kichwa kama hicho.

Nimekitoa ukurasa wa tatu nikakipandisha wa kwanza, juu kabisa, kwa herufi nene. Mbio nimezisukuma ndani, wakimbiaji watanisamehe. Safari hii hutakuta nakala mezani.

Mjomba wako,
Wino


Bweni la Wasichana
22 Septemba

Mjomba,

Ni kweli, hakuna nakala iliyobaki mezani.

Mafurushi yalifika juzi asubuhi nikiwa kwenye mtihani wa majaribio. Kamusi aliyafungua na kugawa bila kusoma, akidhani ananisaidia. Nilipotoka darasani, wasichana walikuwa wamesimama kwenye ngazi wakisoma kwa sauti. Kidato cha nne walinibeba. Mimi nilikuwa bado sijaona wanachonibebea.

Kile kichwa kilikuwa cha kujazia nafasi tu. Nilikiandika kwa hasira siku ile ya sabuni, na nilikiandika kwa wino, kwa sababu ramani nilizichora maktaba, penseli niliiacha bwenini, na sikutaka kurudi kupita mbele ya matroni aliyekuwa akilinda bomba. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimeiandika hivyo hivyo kwenye daftari langu la siku ili nisije nikaipamba baadaye.

Chini ya kichwa hakuna neno hata moja kuhusu kufunga maji. Kuna sherehe, hotuba na ukubwa wa matangi. Lakini mwenyekiti wa wazazi alikuja jana kuangalia matangi, akapewa nakala pale mapokezi. Alimwuliza mkuu wa shule: sisi tumeleta maji, na huyu anawafungia watoto wetu? Matroni aliitwa, akaulizwa kama anafunga bomba, akajibu ndiyo. Hakuongeza neno. Makamu mkuu alikuwepo, naye hakuongeza. Jioni ile ile matroni alisimamishwa kazi mpaka bodi ikae tarehe 20 Oktoba. Amefanya kazi hapa miaka kumi na mmoja.

Nimekwenda kwa mkuu nikamwambia ni kosa langu. Akaniuliza: anafunga bomba au hafungi? Nikasema anafunga. Akasema, basi kosa lako ni lipi?

Barua yangu ya tarehe 12 haikufika?

Mpwa wako


Kiwandani
26 Septemba

Mpwa wangu,

Barua yako ya tarehe 12 ilifika gazeti likiwa limeshapita mtamboni. Posta ndivyo ilivyo. Pole sana.

Mkuu alikuuliza kosa lako ni lipi. Kosa ni kwamba ulimweka mtu juu ya ukurasa na hukumwuliza kitu. Hata kama anafunga bomba. Kichwa bila habari chini yake ni kumpigia mtu kelele barabarani kisha ukakimbia.

Masahihisho yana sheria moja, hata magazeti makubwa huikimbia: yakae ukurasa ule ule, mahali pale pale, kwa herufi za ukubwa ule ule. Usiyafiche ukurasa wa nne kando ya ratiba ya mitihani. Lakini kabla ya kusahihisha lazima ujue kilichotokea. Nenda kwa matroni. Nenda na daftari, na uanze kwa salamu.

Mjomba wako,
Wino


Bweni la Wasichana
5 Oktoba

Mjomba,

Nimekwenda jana, Jumamosi, kwa ruhusa ya mkuu. Matroni amehamia kwa dada yake, nyuma ya soko, chumba cha uani. Nilimkuta anashona pindo la shuka. Nilimwamkia. Akaitika, akasema, "Karibu, mwandishi," akanisogezea kigoda na kuendelea kushona. Nilikaa pale mpaka upande mzima wa shuka ukaisha.

Nilimwomba radhi. Alinisikiliza, halafu akaniambia:

"Nilifunga, hilo sikatai. Ungeniuliza nani kanituma ningekujibu siku ile ile. Lakini wewe mwanangu ulitaka tu kujua utaoga saa ngapi."

Basi nikamwuliza. Pampu iliungua tarehe 1 Septemba, siku ya tatu baada ya sherehe. Hata siku ya sherehe ilikuwa tayari inasuasua: maji ya matangi tuliyoyapigia makofi yaliletwa kwa boza, lori la maji. Makamu alikuwa ameshawaambia wazazi kwamba pampu ni nzima na matangi ndiyo yaliyopungua, kwa hiyo hakutaka wasikie. Akamwagiza matroni afunge bomba la bweni kila mchana ili jiko lipate maji ya jioni. Matroni aliomba agizo kwa maandishi, akapewa. Nimeiona karatasi: saa za kufunga, saa za kufungua, tarehe, saini ya makamu. Anaiweka ndani ya kitambaa pamoja na cheti chake cha kazi.

Nilimwambia tuichape. Nilikuwa nimeshakipata na kichwa, na nilianza kumhesabia alama kwa vidole. Aliniacha nimalize, kisha akaiweka sindano chini.

"Nikiitoa hii, narudi kazini chini ya mkubwa niliyemwumbua. Nisipoitoa, sirudi kabisa. Hayo ndiyo ninayopima, wewe unapima herufi. Usichape kitu mpaka nikuambie."

Nimemwahidi. Makamu akinipita uani ananiuliza gazeti linaendeleaje.

Sasa jambo la mwisho, na naliandika polepole. Jana nilikuwa na nakala ya gazeti mfukoni. Wakati matroni anashona niliisoma ile habari upya. Aya ya pili inasema kila tangi ni la lita elfu tano. Kwenye karatasi za tarehe 10 iliandikwa elfu tatu. Elfu tano imo kwenye barua yangu ya tarehe 12 peke yake, mstari mmoja chini ya kichwa nilichokuomba uweke.

Mpwa wako


Kiwandani
9 Oktoba

Mpwa wangu,

Barua ilifika tarehe 15. Gazeti lilipita mtamboni tarehe 17.

Niliisoma nikasahihisha lita. Kichwa chako nikakitazama kando ya kile cha wino, nikajiambia umeogopa. Nimewaona wengi wakiandika kitu chenye meno leo na kesho wanaomba kiondolewe, na mara nyingi nilikuwa mimi wa kuwaambia simama nacho. Nikaamua kusimama nacho kwa niaba yako. Sikukuuliza. Siku mbili zilitosha kabisa kukuuliza, hata kwa simu ya ofisi ya shule.

Huo ndio upande ninaoweza kuueleza bila aibu. Upande mwingine ni kwamba kazi yangu hapa ni kadi za mialiko, kalenda na vitabu vya mahudhurio. Sijaweka kichwa cha habari juu ya ukurasa kwa miaka minne. Nilikiona, nikakitaka. Nilizisukuma mbio ndani kwa raha, siwezi kukuficha.

Halafu ulipouliza, nikaisingizia posta. Nawe ulikuwa umeshakwenda kwa mkuu ukabeba mzigo wa watu wawili.

Leo nimemwandikia mkuu wa shule. Nimeeleza kwamba mhariri alileta kichwa kingine, kwa wakati, akaagiza cha kwanza kifutwe, na mchapaji ndiye aliyekataa na kukipandisha. Barua yako ya tarehe 12 nimeiambatanisha yenyewe, si nakala. Habari ya karatasi ya matroni sikuigusa, hiyo ni yake.

Wino


Bweni la Wasichana
24 Oktoba

Mjomba,

Nimesoma barua yako mara tatu. Sijui bado nikujibu nini, kwa hiyo nakuandikia kazi.

Bodi ilikaa tarehe 20 kama ilivyopangwa. Nilikuwa nje kwenye benchi na Kamusi, na dirisha lilikuwa wazi. Mkuu alisoma barua yako yote. Mwenyekiti wa wazazi akasema kosa la mchapaji halifungui bomba, huyu mama amefunga mwenyewe na amekiri. Hapo matroni akasema anaomba kuonyesha kitu. Tulisikia karatasi inakunjuliwa. Mkuu alimwuliza makamu kama ile ni saini yake, na makamu akasema ni yake. Mwenyekiti aliuliza kuhusu pampu. Makamu akaanza kueleza, na mtu akafunga dirisha.

Matroni amerudi kazini Alhamisi. Fundi wa pampu amekuja juzi na ameondoka na kipande chake. Makamu bado ni makamu, na matroni anapeleka ripoti kwake kila asubuhi kama zamani. Anasema sasa anaitikiwa salamu nusu.

Mimi si mhariri tena. Mkuu alisema barua yako imenipunguzia kosa, lakini wino ulikuwa wangu. Sikubisha. Kamusi ameshika nafasi na amenipa kazi moja tu, ukurasa wa kwanza wa toleo la Novemba.

Ramani imo humu. Kamusi alitaka kichwa kiwe "Ukweli wa bomba wabainika". Tulibishana siku nzima. Nilimwambia kinasikika vizuri, lakini kinamwacha msomaji akidhani bomba ndilo lililokosea, na sisi tumekuja kuokoa. Kichwa ni hiki: "Tulikosea kuhusu matroni". Mahali pale pale, herufi nene zile zile. Chini yake, kwa herufi ndogo: "Pampu yaungua, maji yafungwa". Habari imeandikwa na Kamusi na mimi. Matroni ameisoma kabla hujaiona wewe, akafuta sentensi mbili, na agizo lenyewe ameruhusu tulitaje.

Vyote viwili ni vya wino, na safari hii nimekusudia.

Mpwa wako


Bweni la Wasichana
18 Novemba

Mjomba,

Gazeti limefika juzi na limetoka. Asante kwa kufuata ramani.

Nakala ya kwanza nilimpelekea matroni mlangoni pa chumba cha shuka. Aliitandika juu ya meza ya pasi. Alisoma kichwa, akasoma habari yote kwa kidole, akageuza nyuma kuona kama kuna jambo jingine juu yake. Nilisubiri aseme kitu. Nadhani nilisubiri anisamehe.

Akaniuliza, "Na wa kidato cha nne?"

Walimaliza mtihani tarehe 13 na kuondoka siku ile ile, siku tatu kabla ya gazeti kufika. Wasichana arobaini na watatu wa bweni letu. Ndio walionibeba kwenye ngazi, na wengi wao walikwenda nyumbani na nakala ya Septemba, maana jina la mwenzao mmoja lilikuwa kwenye mbio.

"Hawa watakuwa na watoto," matroni akasema, "na huko waliko mimi bado ni yule wa Septemba. Wewe umenisafisha kwa waliobaki."

Alitoa daftari la bweni. Tumekaa jioni mbili tukiandika bahasha. Anuani zisizokuwemo alizikumbuka kichwani: huyu analelewa na bibi yake, huyu baba yake ni fundi saa, huyu barua zake hupitia zahanati. Kamusi analamba gundi na analalamika. Bahasha zimefika arobaini na tatu na ziko chini ya kitanda changu.

Magazeti yamekwisha yote. Naomba unichapie nakala arobaini na tatu za ukurasa wa kwanza peke yake.

Mama anasema ngazi zimeanza kukusumbua tena. Pole, Mjomba.

Mpwa wako


Kiwandani
21 Novemba

Mpwa wangu,

Nakala arobaini na tatu zimo humu. Nimezikunja mara mbili ili ziingie kwenye bahasha bila kichwa kupata mkunjo.

Nilipokuwa naweka ukurasa niliona kichwa chako kina alama ishirini na nne, na upande wa kulia panabaki nafasi ya alama sita. Nimeiacha tupu, kama ulivyoichora.

Mjomba wako